Jiwe la Mtakatifu Columba mjini Derry: kinu, magoti au bao?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Nakuru, na huu ni mwaka wa tatu niko kazini katika mji wa Derry, Ireland ya Kaskazini. Nje ya kanisa la Long Tower kuna jiwe lenye mashimo ya mviringo. Waumini wenzangu huniambia kwamba ni alama za magoti ya Mtakatifu Columba, aliyekuwa akisali juu yake, na mzee mmoja akaongeza kwamba zamani jiwe hilo lilikaa kule chini mtaani, kando ya kisima kitakatifu. Mimi nilipoyaona mashimo yale nilikumbuka mabao yaliyochongwa mwambani pale Hyrax Hill, tulikopelekwa na walimu wetu tukiwa shule ya msingi. Je, jiwe hili ni nini hasa, lina umri gani, na lilihusiana vipi na kisima?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na bao, kwa sababu ulinganisho wako si wa kubezwa. Hyrax Hill, ambako Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938, ina mabao yaliyochongwa mwambani, na kila aliyewahi kucheza bao huyatambua mara moja bila kuambiwa. Anayatambua kwa mpangilio wake: mashimo yamekaa kwa safu, yanakaribiana ukubwa, na kila moja linatosha kuhifadhi kete chache tu. Jiwe la Long Tower halina safu. Lina mashimo machache, mapana, ya duara lililorefuka kidogo, na jambo ninaloliona kuwa zito kuliko yote ni kwamba mashimo hayo yako pande mbili za jiwe, si upande mmoja. Wapima ramani wa serikali waliopita Derry katika miaka ya 1830 walilikuta jiwe hilo bado liko katika mtaa uitwao St Columb's Wells, yaani Visima vya Mtakatifu Columba. Waliandika kwamba mashimo yake yalifanywa kwa mikono ya watu, na kwamba maji ya mvua yanayotuama ndani yake yaliaminiwa kuponya maradhi. Kwa hiyo mzee wako amekuambia kweli. Jiwe lilikaa chini, penye maji, na kuwapo kwake uani mwa kanisa ni jambo la karibuni.

Jiwe la namna hii Waairishi huliita bullán, neno linalotaja kitu chenye umbo la bakuli, na wanaakiolojia wamelifuata jina hilo wakiliandika bullaun. Sisi tunalo neno linalolifaa zaidi, nalo ni kinu. Ireland ina mamia ya vinu hivi vya jiwe, vingine vimechimbwa katika mwamba usiong'oka na vingine katika majabali yanayoweza kubingirishwa na watu kadhaa. Mengi ya mawe hayo yako mahali palipokuwa na makao ya watawa wa Kikristo kati ya karne ya 6 na ya 12. Bonde la Glendalough peke yake, kusini mwa Dublin, lina yapata 30.

Bibi yangu alikuwa na jiwe la kusagia ulezi lililokaa nyuma ya jiko, na kwa sababu yeye mwenyewe alilirithi kwa mama mkwe wake, katikati yake palikuwa pamezama kiasi cha kulaza kiganja changu cha utotoni. Ukipitisha vidole kutoka ukingoni kuelekea katikati, ulisikia ukwaru wa jiwe unapungua hatua kwa hatua hadi kufikia ulaini unaoteleza kama sabuni iliyolowa. Hakuna patasi inayoweza kuacha badiliko la namna hiyo. Ni alama ya kazi moja iliyorudiwa kwa miaka mingi mahali palepale. Shimo la bullaun huwa na tabia ileile. Huanza kwa kudonolewa na jiwe gumu zaidi ili pawepo mahali pa kushikia kinachotwangwa, kisha mchi au jiwe la mkononi ndilo linaloendelea kulichimba kidogo kidogo, ukuta wake ukawa laini na chini yake pakachukua umbo la kitako cha yai. Ukipata ruhusa ya kuligusa jiwe la Derry, usitazame kina chake kwanza. Anza na ukingo, uone kama ukwaru unaishia ghafla au unafifia polepole.

Wataalamu wenzangu hawajakubaliana juu ya kilichotwangwa humo, na mimi nina msimamo wangu. Vitabu vya zamani vilisema nafaka, kwa mkato, kisha vikaendelea na mambo mengine. Tatizo ni kwamba watawa wa zama zile hawakuhitaji shimo la kutwangia ili wapate unga. Walikuwa na mawe ya kusagia yanayozungushwa kwa mkono, na hata vinu vya maji walikuwa navyo: pale Nendrum, kwenye ghuba ya bahari iitwayo Strangford Lough, si mbali sana na Belfast, umepatikana mtambo wa kusaga ulioendeshwa na maji kujaa na kupwa, na mbao zake zimethibitisha kwamba ulijengwa mwaka 619. Watu wenye ufundi wa kiwango hicho hawangekaa kutwanga ngano ya mkate wa nyumba nzima katika bakuli la jiwe. Naona inaelekea zaidi kwamba bullaun ilikuwa ya kazi ndogondogo zinazotaka kupondwa badala ya kusagwa: kukoboa shayiri, kuponda mitishamba ya dawa, kuvunjavunja madini ya chuma kabla ya kuyayeyusha, au kulainisha miiba ya vichaka iwe malisho ya ng'ombe wakati wa baridi. Kinu kimoja kingeweza kufanya kazi hizi zote kwa zamu, kama kinu cha nyumbani kwetu kinavyotwanga kisamvu leo na karanga kesho.

Sasa rudi kwenye zile pande mbili. Jiwe likichimbika upande mmoja hadi mchi unaanza kugonga vibaya, au ukingo unaanza kupasuka, mtu mwenye akili hulipindua akaanza upande wa pili. Jiwe lenye mashimo pande mbili, basi, ni jiwe lililogeuzwa na watu wanaolitumia, si jiwe lililowekwa mara moja likaachwa. Hili ndilo linalonifanya nisite kuyakubali magoti kama maelezo ya chanzo cha mashimo, ingawa sioni ujinga wowote katika macho ya walioyaona magoti hayo. Mashimo mawili yaliyorefuka, yamekaa ubavu kwa ubavu, yanafanana kweli na mahali mtu alipopiga magoti kwenye udongo laini. Kote Ireland utaonyeshwa magoti, nyayo, vichwa na hata vidole vya watakatifu kwenye mawe, na karibu kila mara chini ya hadithi hiyo kuna shimo halisi ambalo watu waliona lazima liwe na sababu.

Kuhusu umri, nitakueleza kwanza kwa nini jambo lenyewe ni gumu, kisha nikupe jibu ninaloweza kulitetea. Kipimo cha kaboni, ambacho wengi hudhani kinaweza kupima chochote cha kale, hupima vitu vilivyowahi kuwa hai: mkaa, mfupa, mbegu, mbao. Jiwe halikuwahi kuwa hai, na shimo ni nafasi tupu. Kwa hiyo tunapotaka kujua shimo lilichimbwa lini, tunategemea udongo unaolizunguka jiwe: mkaa uliofukiwa chini yake, vipande vya vyungu vilivyoangukia kando, kuta zilizojengwa juu yake. Jiwe likihamishwa, ushahidi huo wote hubaki nyuma. Ndiyo sababu sisi watu wa akiolojia huumia tunaposikia kwamba jabali la kale limesogezwa, hata kama limesogezwa kwa heshima na kwa nia njema, na hata kama ni mita chache tu.

Kinachobaki ni historia ya mahali. Columba, ambaye Waairishi humwita Colmcille, alizaliwa Gartan katika kaunti ya Donegal mwaka 521 na kufa katika kisiwa cha Iona, Uskoti, tarehe 9 Juni 597. Mapokeo yanasema alianzisha makao ya watawa hapo Derry mwaka 546, na jina la mji lenyewe linatokana na neno doire, msitu wa mialoni. Mwaka 1164 likajengwa hapo kanisa kubwa lililoitwa Tempull Mór, na jina la Long Tower limetokana na mnara mrefu wa mviringo uliobaki umesimama hata baada ya kanisa hilo kuharibika. Kanisa unalosali wewe lilianza kujengwa katika miaka ya 1780. Kwa ushahidi huo, na kwa kuwa bullaun nyingi zinafuatana na makao ya watawa, ningeliweka jiwe lako katika karne za watawa, kati ya ya 6 na ya 12, na singethubutu kulibana zaidi ya hapo.

Nimeona pia watu wakiyachanganya mawe haya na michoro ya kale zaidi, na pengine nawe utaambiwa hivyo, kwa hiyo nikupe tofauti. Katika Ireland kuna majabali yaliyochongwa vikombe vidogo, vya upana wa sentimita chache, vingi vikiwa vimezungukwa na duara moja au zaidi, na mara nyingine mfereji mwembamba ukitoka katikati kwenda nje. Hayo ni ya zama za mwisho za mawe na mwanzo wa zama za shaba, maelfu ya miaka kabla ya Columba, na baadhi yako jirani kabisa na Derry, pale Doagh katika rasi ya Inishowen. Vikombe vyake havina ulaini wa kinu. Ukivitazama kwa karibu utaona vidoa vya kudonolewa, vimebanana kama alama za mvua kwenye vumbi, kwa sababu aliyevifanya alitaka alama ibaki, hakutaka kutwanga kitu.

Jabali la Boheh, katika kaunti ya Mayo upande wa magharibi, ndilo mfano ninaoupenda. Lina michoro zaidi ya 250 ya aina hiyo, nalo pia limepewa mtakatifu: huitwa Kiti cha Patrick, na njia ya zamani ya mahujaji, iliyotoka Ballintubber kwenda mlima wa Croagh Patrick wenye urefu wa mita 764, inapita hapo. Ukisimama jabalini tarehe 18 Aprili au 24 Agosti, utaona jua la jioni likitua juu ya kilele cha mlima na kisha kuonekana kama linabingirika kwenye mteremko wake wa kaskazini hadi linazama. Husemwa kwamba siku hizo mbili, pamoja na 21 Desemba, zinaugawa mwaka katika theluthi tatu. Nimezihesabu mwenyewe: kutoka Aprili hadi Agosti ni siku 128, kutoka Agosti hadi Desemba ni 119, na kutoka Desemba kurudi Aprili ni 118. Ni mgawanyo wa kukaribia, hauko sawasawa, na ningependa wanaousimulia waseme hivyo, kwa sababu kubingirika kwa jua kunatosha kumshangaza mtu bila kuongezewa hesabu isiyotimia.

Tuje kwenye kisima, ambako ndiko moyo wa swali lako uliko. Mtaa wa St Columb's Wells ulikuwa na visima vitatu, kimoja cha Columba, kimoja cha Adamnan, aliyeandika maisha ya Columba, na kimoja cha Martin. Makao yoyote ya watawa yalihitaji maji ya karibu, na kazi za kinu zinahitaji maji pia: ya kulowekea shayiri, ya kuoshea mizizi, ya kusuuza shimo kati ya kazi na kazi. Sioni haja ya kutafuta fumbo katika ukaribu wa kwanza wa jiwe na kisima. Mama anayetwanga naye huweka kinu chake mahali ambapo ndoo haiko mbali.

Fumbo lilikuja baadaye, watawa walipokwisha kuondoka na kinu kikabaki bila mchi. Shimo lililo wazi juani na mvuani hujaa maji, na katika hali ya hewa ya Derry, ambayo wewe umeishaijua kwa miaka mitatu, halikauki kwa muda mrefu. Watu waliokuja kisimani kuomba walikuta bakuli la jiwe lililojaa maji yasiyochotwa na mtu, pembeni mwa maji ya mtakatifu. Kote Ireland maji ya mashimo kama haya yalipakwa kwenye chunjua, kwenye macho mabovu, kwenye maumivu ya kichwa. Kisima kilikuwa na utaratibu wake: mhujaji alikizunguka kwa kufuata mwendo wa jua, akihesabu mizunguko kwa vijiwe, akisali kila kituo, kisha akafunga kipande cha nguo yake kwenye mti wa jirani ili ugonjwa ubaki pale nguo inapooza. Wewe umetoka bara, lakini waulize rafiki zako wa pwani juu ya vitambaa na marashi yanayoachwa mizimuni, nao wataielewa picha hii bila maelezo marefu. Jiwe lilikuwa kituo katika mzunguko huo. Bila kisima, maji ya shimoni yangekuwa maji ya mvua tu. Na pasipo jiwe, kisima kingekosa mahali ambapo mkono wa mgonjwa ungegusa kitu alichoamini mtakatifu alikigusa.

Sehemu nyingine hadithi zilichukua mkondo tofauti. Pale Killinagh, katika kaunti ya Cavan, kuna jiwe la Mtakatifu Brigid lenye mabakuli tisa, kila moja likiwa na jiwe la mviringo ndani yake, na ilisemekana kwamba mtu aliyeyazungusha mawe hayo kinyume cha mwendo wa jua alikuwa akimlaani adui yake. Glendalough wana jiwe ambalo, kwa mapokeo yao, paa jike alikuja kulijaza maziwa kila siku ili Mtakatifu Kevin alishe watoto wachanga waliokosa mama. Maziwa, laana, dawa ya chunjua: zote zimezaliwa na bakuli lililo wazi, linalojaa na kupungua bila mtu kuonekana.

Desturi hizi hazikuishi kwa amani. Sheria iliyopitishwa na bunge la Ireland mwaka 1704 ilikataza watu kukusanyika visimani kwa ibada, na aliyekamatwa alitozwa faini ya shilingi 10 au kuchapwa viboko hadharani akishindwa kulipa. Baadaye hata maaskofu wa Kikatoliki wenyewe walizipiga vita sikukuu za visimani, kwa sababu ya ulevi na mapigano yaliyofuata sala. Derry ilikuwa na hali yake ya pekee. Kuta za mji zilizojengwa kati ya 1613 na 1619 ziliviacha visima nje, kwenye bonde la Bogside, na huko ndiko Wakatoliki maskini walikokuja kuishi. Kwa hiyo jiwe na visima vilibaki mikononi mwa watu waliovihitaji, ingawa mtaa uliendelea kujengwa na kubanana hadi jiwe likawa katika njia ya mikokoteni.

Ilikuwa mwishoni mwa karne ya 19, miaka ileile mji ulipoadhimisha miaka 1,300 tangu kifo cha Columba, ndipo jiwe lilipopandishwa hadi uani mwa kanisa na kuwekwa penye Kalvari, yaani msalaba wa kukumbuka kusulubiwa kwa Yesu, unapolikuta leo. Nimesema kwamba kuhamisha jiwe huua ushahidi, na sirudi nyuma. Lakini siwezi kuwalaumu waliolihamisha. Mabomba ya maji yalikuwa yanaingia mitaani, visima vilikuwa vinapoteza kazi yake ya kila siku, na majabali mengi yaliyokuwa katika hali hiyo yalivunjwa yakawa kokoto ya barabara. Walilinusuru jiwe, na gharama yake ni kwamba leo linasomeka nusu. Mgeni akiliona chini ya msalaba hudhani lilikuwa la kanisa tangu mwanzo, na hakuna kinachomwonyesha kwamba miguuni pake palikuwa na maji.

Kwa hiyo waumini wenzako wakikuuliza nilisema nini, waambie kwamba mashimo yalichimbwa na kazi ya mikono, kwa kadiri ninavyoweza kusoma jiwe, na kwamba magoti yaliyofuata ni ya kweli pia: ni magoti ya mamia ya wagonjwa na akina mama waliopiga magoti mbele yake mtaani, wengi wao katika miaka ambayo kufanya hivyo kungeweza kuwaletea viboko. Hilo si maneno ya kuwafariji. Ni sehemu ya historia ya jiwe sawa na mchi uliolichimba, na kwa karne kadhaa ndiyo sehemu iliyolifanya lisitupwe.

Ukitaka kulitazama vizuri, nenda jua likiwa chini, asubuhi au jioni, kwa sababu mwanga unaotoka ubavuni huonyesha mashimo na vidoa ambavyo jua la saa sita huvifuta. Siku ya mawingu tumia tochi uliyoilaza pembeni. Usilisugue, usilichore kwa chaki ili upate picha nzuri, na usiache sarafu ndani ya mashimo, kwani kutu na rangi ya shaba huingia kwenye jiwe na hazitoki. Ukikuta jabali jingine la namna hii shambani, usichimbe pembeni yake, kwa maana katika Ireland ya Kaskazini kuchimba kitu cha kale bila leseni ni kosa la jinai. Piga picha, andika mahali, na uwapelekee idara ya mazingira ya kihistoria iliyo chini ya Wizara ya Jamii, ambao wana daftari la maeneo ya kale lililo wazi kwa umma.

Na tarehe 9 Juni, siku ambayo watu wa kanisa lako huvaa jani la mwaloni, jaribu kitu kimoja. Kabla ya misa, anzia mtaani St Columb's Wells, penye jina la visima, kisha panda hadi Kalvari. Ni mwendo mfupi, nao ndio umbali ambao jiwe lilisogezwa.